Mbuzi Wangu Yuko Finlandi

Kwetu mama hakai kitu kimoja na mume wa binti yake. Hali naye, hampi mkono, hamtazami machoni. Si chuki. Ni heshima, na heshima hiyo ina kazi yake, ingawa ukiniuliza ni kazi gani nitakwambia ngoja kwanza nimuulize yaya, dada yangu mkubwa.

Baba yetu aliletwa Kolwezi kutoka Kasai kuchimba shaba. Sisi watoto tulizaliwa hapa, tunasema Kiswahili cha hapa, tunakula bukari, ugali wa hapa. Kasai yenyewe sijaiona. Lakini jambo la mkwe halikubaki kule, lilipanda treni pamoja na baba. Sokoni Manika, ukimwona mama mzima anaacha unga wake na kuchutama nyuma ya mifuko, usidhani polisi wanapita. Ni mkwe wake anatafuta sabuni. Sisi majirani tunamuuzia unga mpaka mkwe apotee, na yeye anauliza kutoka chini, "Ameenda?" Tunamjibu, "Bado, mama, anachagua." Wakati mwingine mkwe ameshaenda zamani, tunajibu hivyo tu.

Dawa yake ipo, na ni mbuzi wa mama. Mbali na mahari yenyewe, mkwe analeta mbuzi, anamkabidhi mama mkwe kwa mkono wake, na kuanzia siku hiyo wanaweza kuketi pamoja na kula pamoja. Ni mbuzi wa mgongo uliobeba mtoto. Hatumwi, haachwi kwa jirani. Anashikwa kamba na mkwe mwenyewe. Mambo yangu yalikwama hapo.

Binti yangu ni muuguzi. Alikwenda Ulaya kusoma, akapata kazi Finlandi, huko juu kabisa, akaolewa na mtu wa huko. Mahari yalipita kwa simu, baba zake wadogo wakaketi, wakala, wakasema sawa. Mbuzi wa mama hakutoka. Sitaki kuwaonea baba wadogo. Walisema kwamba mbuzi hapiti kwenye simu, atatoka siku mkwe atakapofika Kolwezi, na walikuwa na haki. Ila mkwe hakufika Kolwezi. Binti alizaa, wakanitumia tiketi, mimi ndiye niliyefika kwake, na mbuzi hakuna.

Mwanzo haukuwa mzuri, na sijui nani wa kulaumiwa. Pale kiwanja cha ndege mkwe alikuja amefungua mikono, mrefu kama nguzo ya umeme, anataka kunikumbatia. Nikazunguka nyuma ya binti yangu. Naye akazunguka. Nikazunguka tena, na kitenge nimeshajifunika uso. Watu waliokuwa wanasukuma mizigo yao walitupisha njia.

Nyumbani ilikuwa hivyo hivyo. Akiingia jikoni, natoka. Akiketi mezani, nachukua sahani yangu na kwenda chumbani kwa mtoto. Siku moja nilisikia nyuma yangu sauti nene ikisema, "Jambo, mama." Alikuwa amejifunza. Nikaitika vizuri, kwa upole, nimeelekea friji. Friji ile ilisalimiwa kuliko friji yoyote ya Finlandi.

"Mama," binti akaniambia, "huku hakuna hii mambo."

"Mi niko huku," nikamwambia. "Basi na yenyewe iko huku."

Nilijiona nimejibu vizuri. Sasa sina hakika.

Binti alisema alikuwa amemweleza mume wake. Sijui jambo kama hili linaelezwaje kwa lugha ile. Mkwe wangu ni mtu wa maneno machache. Kazi yake ni kuendesha mashine ya kusukuma theluji barabarani, na nadhani mtu akishinda na theluji anakuwa kama yenyewe, anatua polepole bila kelele. Nilimsikia akiongea na jiko la kuni zaidi ya kuongea na sisi.

Halafu akaacha kula nyumbani. Nilimwona dirishani. Gari linafika kutoka kazini, linasimama nje ya mlango, taa ya ndani inawaka, na yeye yuko pale na kofia yake, anakula mkate kutoka kwenye kikopo cha bati. Anamaliza, anapangusa ndevu, taa inazimika, ndipo anaingia. Mara ya kwanza nilidhani ameshikwa na njaa ya ghafla. Nilipoona ni kila siku nikamwambia binti yangu.

"Mume wako anakula mu motokari."

Alikuwa anakunja nguo za mtoto. Akaziweka chini. "Najua, mama. Ni juu yako, sababu ni we."

"Juu yangu namna gani?"

"Anasema, kama mi naingia, mama yako anatoka. Basi mi njo nitabakia inje, ye akule muzuri. Anasema haumupendi. Anasema pengine ulitaka nioliwe na mutu ya kwetu."

"Mi sikusema vile hata siku moya!"

"Haukusema kitu, mama. Njo ile."

Halafu akaniambia kwamba mume wake amepanga kunipeleka kwa mama yake, anayefuga rene, wale wanyama wenye pembe wanaovuta vigari kwenye theluji. Amelipanga mwenyewe, bila kuambiwa. "Na safari yako ya kurudi iko karibu," akasema. "Ukikatala, atajua ni kweli. Na mi nitabakia naye na ile mawazo ndani ya nyumba."

"Nitaenda," nikasema. Ningekataaje? Nilimbeba huyo mtoto mgongoni mpaka akawa mzito kuliko unga. Sikutaka nimwachie nyumba yenye mume anayekula nje.

Njiani niliketi nyuma na mjukuu, mkwe akaendesha mbele. Kiti cha mbele ni ukuta mzuri sana, mtu anaweza kuheshimu bila taabu. Nje ilikuwa miti na weupe, miti na weupe. Kwetu kiangazi malori ya migodi yanapaka kila kitu vumbi jekundu, majani, nguo kwenye kamba, mpaka nyusi za watu. Hapa ilikuwa kama mtu amekuja na unga akapaka juu yake. Nilikuwa nikijiambia, sikusoma sana lakini mambo ya unga nayajua. Kumbe hata theluji yenyewe, ukiikanyaga, inalia chini ya buti kama unga wa muhogo ukikandamizwa mfukoni. Tulipofika nilitembea kidogo huku na huku uani, niisikie tu.

Mama wa mkwe wangu ni mfupi, mashavu mekundu, buti kubwa kuliko zangu. Kati yangu na yeye hakuna mwiko wowote, kwa hiyo tulishikana mikono yote miwili na kucheka kama watu waliopotezana zamani. Alinivalisha ovaroli nene anayowawekea wageni. Nikafunga kitenge changu juu yake. Alinizunguka akitazama, akasema neno.

"Anasema nini?" nikamuuliza binti.

"Anasema sasa umependeza."

Sijui kama ndivyo alivyosema. Binti yangu ana moyo mzuri, na anayetafsiri ana ufunguo wa mlango.

Rene nilimfikiria mkubwa kama twiga. Hapana. Ni kama ndama, ila ana koti. Wakitembea miguu yao inalia, tik, tik, tik, kama mama anayevunja karanga, na kundi likipita unasikia soko zima la karanga. Mama yake alinipa majani fulani ya kijivu yanayoota kwenye miti kama ndevu, niwalishe. Midomo yao ni laini. Mmoja alikula majani, akajaribu na ncha ya kitenge. Nikamwambia hapana, akaniheshimu.

Kilichonishangaza ni pembe. Mama yake alieleza, binti akatafsiri, kwamba madume huangusha pembe zao kabla ya Noeli, na majike yanabaki nazo majira yote ya baridi, maana yana mimba na lazima yalinde mahali pa kula. Kwa hiyo kila pembe niliyoiona pale ilikuwa ya mama. Hilo nililishika vizuri nikawapelekee wa Manika.

Masikio yao yamekatwa alama. Kila mwenye mifugo ana mkato wake, na mtu anamjua wake hata akiwa katikati ya wengi. Sikuhitaji kuelezwa mara mbili. Kwetu vijana wanaochimba kwa mikono wanafunga mifuko yao ya mawe kwa kamba ya rangi, kila timu na rangi yake, na ole wako ufungue kamba isiyo yako.

Basi vigari vikaletwa. Kigari hicho ni kama mtumbwi mfupi, chini kimewekewa mbao mbili za kuteleza, ndani kimetandikwa ngozi. Kinachukua watu wawili, wamebanana, na ngozi nyingine inafunika magoti. Kimoja kilikuwa cha mama yake, pamoja na binti yangu na mtoto. Cha pili kilikuwa kimepakwa rangi mpya ya bluu. Mkwe akasimama kando yake, ameshika ngozi ya kufunika, ameifungua kama mtu anayekufungulia mlango.

Nafasi mbili. Yake na yangu. Ngozi moja.

Miguu yangu ilikataa yenyewe. Nikamwambia binti, "Mi nitapanda na mama yake. We panda na bwana yako."

"Mama, tafazali. Ile kigari ni ya baba yake, marehemu. Ilikuwa imebunjika. Ameitengeneza juu yako."

"Naelewa. Lakini mi siwezi kuikala naye mu kitu kimoya. Unajua."

Hatukuwa tumetafsiri kitu. Lakini yule mtu alielewa, maana aliinamisha kichwa, akaanza kuikunja ile ngozi taratibu, pembe kwa pembe, kama shuka la mgonjwa aliyekwisha kutoka. Hakukasirika. Ningependa angekasirika.

Nikajiuliza: nani ana kosa hapa? Yeye hakukosa, habari ya mbuzi hakuambiwa. Binti hakukosa, alieleza alivyoweza. Baba wadogo hawakukosa. Mimi nami nilifanya nilivyofundishwa na mama yangu, ambaye kwa mume wangu aliangalia ukuta mpaka mbuzi alipofungwa mlangoni. Hakuna aliyekosa, na bado mtu anakunja ngozi. Nikatoa simu.

Yaya alipokea akiwa sokoni. Saa ya kule na saa ya Kolwezi ni moja, jambo ambalo mpaka leo silielewi, maana jua ni tofauti kabisa. Uso wake ulijaza kioo, na nyuma yake nikaona miavuli, mifuko, na vichwa vya wenzetu vinasogea.

"Alo! Uko wapi? Uko ndani ya mufuko ya unga?"

"Yaya, ni barafu."

"Yote ile?"

"Yote."

"Na mukwe iko wapi?"

"Iko nyuma yangu."

"Usigeuke!"

"Sigeuke, yaya. Sikia. Banataka niikale naye mu kigari kimoya. Chini ya ngozi moya."

Nikasikia soko likivuta pumzi.

"Mbuzi ilitoka?" yaya akauliza.

"Haikutoka, unajua."

"Basi apana. Kwisha. Nakata, kuko mutu anataka unga."

"Yaya, anakula mu motokari."

"Nani?"

"Mukwe. Kila siku. Anasimamisha motokari inje ya nyumba yake mwenyewe, anakula mukate peke yake, kiisha njo anaingia. Juu yangu. Anasema simupendi."

Yaya hakukata. Nikasikia sauti ya mama anayeuza samaki pembeni yake: "Inje? Mu ile baridi? Maskini ya Mungu, mutoto ya mutu."

"Huko hakuna mbuzi?" yaya akauliza, sauti imeshuka.

"Hakuna. Kuko tu hii." Nikageuza simu uani, kwa rene.

Kelele ya wenzangu wa sokoni ilivyotoka, wale wanyama waliinua vichwa vyote pamoja.

"Mama yangu! Ni ngombe imebeba muti?"

"Inauma batu?"

"Haiume."

"Inakula nini?"

"Ndevu ya miti."

"Ndevu ya nini?"

Mama wa samaki, ambaye ni wa kwaya na Biblia anaijua, akataka aonyeshwe kwato. Nikapiga magoti na simu. "Imepasuka!" akatangaza. "Na inatafuna hata bila kula. Ile iko safi, mu Biblia iko safi."

"Biblia inasema ni safi, haiseme ni mbuzi," yaya akamwambia. "Muite muzee wa mbuzi."

Muzee wa mbuzi ni mtu anayeleta mbuzi kutoka upande wa Kasaji, na hukaa karibu na wanaochoma nyama pale sokoni. Walimleta. Alisogeza uso kwenye simu mpaka nikaona matundu ya pua, akatazama muda mrefu.

"Tata, ile ni mbuzi?" yaya akauliza.

"Apana, mama. Siwezi kudanganya. Ile haiko mbuzi." Akarudisha uso nyuma kidogo. "Lakini mutu akiniletea ile asubui, sitamufukuza."

Wakacheka, na yeye akaendelea, maana ni mtu wa haki. "Ku Dilolo niliona mukwe analeta kondoo, mbuzi ilikosa. Balipokea. Hakuna mutu alikufa."

Yaya akavuta kitambaa cha kichwa vizuri, kama anavyofanya akitaka kusema la mwisho. "Bon. Mudogo wangu, sikia. Jina ya munyama haituangalie sisi. Sisi tunaangalia kamba. Ye mwenyewe ashike kamba, ye mwenyewe akupe, na ajue juu ya nini anakupa. Kama hajue, ni bure, ni sawa vile amekupa kiti. Mutoto amuelezee tena. Tena muzuri. Mi niko hapa, sikate."

Binti alikuwa amesikia yote. Akampa mama mkwe wake mtoto, akaenda kwa mume wake kando ya kigari cha bluu. Sikuelewa neno hata moja, lakini nilielewa mikono. Aliinama akajifunga kitenge kisichokuwepo, akatikisa mgongo wake, akaninyooshea kidole. Akaonyesha mzigo kichwani na mtoto mgongoni pamoja. Nikajua amefika sokoni Manika, yuko mgongoni kwangu, na mvua ya Kolwezi inanyesha. Safari ya kwanza, nadhani, alimweleza mwiko. Safari hii alimweleza mgongo.

Yule mtu alivua kofia. Akauliza neno moja.

"Anauliza, mbuzi tu?" binti akasema.

"Mwambie, mbuzi tu."

Ndipo akasema maneno mengi kuliko yote niliyowahi kumsikia, na mkono unaonyesha barabara. Binti akaanza kucheka na machozi yanatoka.

"Anasema angekupatia mbuzi siku ya kwanza. Anasema pale karibu na kiwanja ya ndege kuko mutu anafuga mbuzi. Tulipita ku mulango yake!"

Naandika hili kwa sababu ya haki. Niliambia soko zima kwamba Finlandi hakuna mbuzi. Wapo.

Mkwe alikuwa ameshatoa ufunguo wa gari, anataka kwenda sasa hivi. Mama yake ndiye aliyemzuia. Aliuliza, akaelezwa, akapiga goti lake kwa kicheko, akasema jambo. Binti akatafsiri kwamba mbuzi wa kununua ni mbuzi wa mtu mwingine, na kwamba kwao pia anayeingia katika familia anaweza kupewa rene. Bila kungoja jibu, huyo mama akaelekeza kidole kwa jike moja kijana mwenye pembe moja tu, nyingine ilianguka, jike la rangi ya majivu. Mkwe akaingia kundini, akamfunga kamba, akaja naye mpaka mbele yangu. Akapiga magoti kwenye theluji. Akaishika kamba kwa mikono yote miwili, akaninyooshea, na macho ameyaelekeza chini. Hilo la macho sijui alifundishwa na nani. Labda aliliona kwangu siku zote hizo.

Nikampa binti simu ashike juu, yaya aone. Nikapokea kamba.

Soko la Manika likapiga vigelegele. Vyote, kwa pamoja, kutoka kwenye ile simu. Na rene wangu, ambaye maisha yake yote hajawahi kusikia akina mama wa Manika, akaruka.

Mama akikabidhiwa mbuzi haachii kamba. Ukiachia umekataa. Kwa hiyo sikuachia. Nilikwenda. Nililala kifudifudi na kuteleza uani, kitenge kimefika kifuani, theluji inaingia puani. Wageni wengine wanalipia kigari, mimi nilivutwa kwa tumbo. Binti alipiga kelele, simu ikaanguka, na kutoka chini ya theluji yaya anauliza, "Iko nini? Mudogo! Unapokea ama unakatala?"

"Napokea!" nikajibu nikipita.

Mkwe alikimbia. Alimkamata rene kwa shingo, akaja, akanishika mikono na kwapa na kuniinua kama mtoto, akaanza kunipangusa theluji usoni kwa glovu yake. Hapo tulitazamana. Hapakuwa na ukuta wala friji. Macho yake ni ya kijivu na yalikuwa yamejaa hofu kwamba ameniua. Mimi nikaanza kucheka, nikashindwa kuacha, na yeye akasubiri kidogo, kwa adabu, halafu akacheka pia. Kicheko chake ni chembamba. Mtu wa sauti nene vile, kicheko cha msichana.

Binti akachimbua simu. "Umeona?" yaya alikuwa anawaambia watu. "Mbuzi yake inamuvuta! Ni mbuzi ya nguvu ile!" Muzee wa mbuzi akauliza kama wanauza.

Tukapanda kigari cha bluu. Ngozi moja, magoti manne. Sitasema nilistarehe mara moja. Mwili wangu ulikuwa umejibana upande wangu kama mtu anayebeba mayai. Lakini kigari kilipoondoka, kilikwenda bila kelele yoyote, tik, tik ya miguu mbele na mtelezo wa mbao chini, miti inapita imebeba weupe wake, na jua la kule, ambalo linachungulia tu kama jirani mwenye haya, limepaka juu ya theluji rangi ya maembe. Mbele yetu nilimwona binti yangu anageuka kila mara kututazama. Nikampungia. Akaacha kugeuka.

Katikati ya msitu mkwe akaingiza mkono kifuani, akatoa kile kikopo cha bati. Kilikuwa na mkate na nyama. Akaukata vipande viwili, akatazama chake na changu, akanipa kikubwa. Tukala. Ilikuwa nyama ya rene, nina hakika, na ilikuwa nzuri, nami nilitafuna nikitazama pembeni, nisikutane na macho ya yule aliyekuwa anatuvuta.

Yule jike wangu yuko kule kwa mama wa mkwe. Atakatwa alama yangu sikioni, niliombwa niichague, nikachagua mikato miwili karibu karibu, kama tulivyokuwa mimi na yaya nyumbani kwa baba. Baba wadogo tayari wameuliza kuhusu sehemu yao. Nimewajibu kwamba sehemu yao ipo, waje waichukue, wavae vizuri.

Kesho ya siku ile ya kigari nilikuwa mezani karibu na dirisha, na mtoto na bukari niliyoipika. Gari la mkwe lilifika, likasimama pale pale. Nikangoja taa ya ndani. Haikuwaka. Mlango ulifunguka, buti zikagongwa kizingitini, akaingia na baridi yake yote, akaketi mezani, kikopo cha bati mkononi, kitupu, siku hiyo hakukitia mkate. Miguu yangu, kwa mazoea, ilishaanza kuniinua na sahani. Binti akanitazama. Nikashuka tena kwenye kiti, nikamsogezea mkwe bukari.